Magunia Niliyoyaita Takataka

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hata leo nikisikia ngurumo upande wa Ngong mimi hutoka nje kutazama mawingu. Umeniambia kampuni yenu inawapeleka Kibera wiki ijayo kujitolea, na nimeona ulivyofurahi. Furahi. Lakini kaa kwanza hapa, hiyo chai inywe ikiwa moto, nikueleze jinsi mimi nilivyotaka kusaidia watu nikakaribia kumzamisha mtoto wa siku tisa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani katika kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilikuwa na mpango wake: mara moja kwa mwaka wafanyakazi tunakwenda mtaani kufanya kazi ya mikono, bure. Mwaka huo tulipangiwa kusafisha mtaro katika kijiji cha Raila, Kibera. Bosi akauliza nani anaijua mitaa ya namna hiyo. Wee! Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza swali. Nikasema nimezaliwa Kawangware, chumba kimoja cha mabati, choo kimoja ploti nzima. Kibera itanishinda nini? Watu wakacheka, nikapewa uongozi.

Kazi ya kiongozi kabla ya siku yenyewe ilikuwa moja tu. Alhamisi niende Raila, nionane na akina mama wa pale, niwaulize wanataka nini na tusiguse nini. Nilipewa ruhusa ya mchana mzima. Sikwenda. Nilikwenda saluni kusukwa, maana Jumamosi kungekuwa na mpiga picha. Usinitazame hivyo! Hata wewe kucha zako nimeziona. Ijumaa bosi aliponiuliza nikamjibu mambo yote yako sawa, na nilidanganya bila hata kukohoa.

Jumamosi tukafika kama watu thelathini, fulana za kijani, gambuti mpya miguuni, koleo mkononi. Lori la kubebea taka lilibaki barabarani, Ayany, kwa sababu vichochoro vya Raila havipitishi lori, kwa hivyo taka tulikuwa tunazipeleka kwa mkokoteni. Mahali tulipopangiwa palikuwa kimya, milango karibu yote ina kufuli. Mimi nikaanza maneno: "Mnaona watu hawa? Sisi tumekuja kuwafanyia kazi, wao hata kutusalimia hakuna." Kumbe sehemu ile karibu wote ni Wasabato, na saa hizo walikuwa kanisani. Mtu yeyote angeniambia hivyo Alhamisi. Kwetu tulisali Jumapili, basi nikadhani dunia nzima inasali Jumapili.

Tulifanya kazi, siwezi kusema uongo. Mtaro ulipopinda, mbele ya nyumba moja iliyokuwa chini kuliko njia, tukakuta magunia ya udongo, matairi yaliyochakaa na vipande vya mabati vimeegemezwa kwa mawe. Kijana mmoja wa idara ya upakiaji akasita.

"Nekesa, hii ni kama imepangwa."

"Imepangwa na nani? Hiyo ni takataka tu. Kwetu Kawangware ingekuwa imeshatolewa kitambo."

Tukaitoa yote, hadi jiwe la mwisho, mkokoteni ukaipeleka kwenye lori. Tukapigwa picha palepale.

Saa nane hivi mawingu yakaanza kufunga. Ndipo akaja mama mmoja mzee kutoka kanisani, gauni jeupe, Biblia kwapani. Mtaa wote ulimwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Alitazama pale kwenye kona, akatazama juu, akatutazama sisi.

"Ukuta wangu uko wapi?"

Nikatabasamu, nikamwambia tumemsafishia.

"Nani alikwambia usafishe? Ulimuuliza nani?" Akanyoosha kidole kwenye mlango wa ile nyumba ya chini. "Mke wa mwanangu yuko humo ndani. Amezaa kwa kupasuliwa, hawezi hata kuinua sufuria. Mtoto ana siku tisa. Mvua ikinyesha, maji yanatoka huko juu yanakuja moja kwa moja kwa huu mlango. Mwaka jana yalifika hapa." Akajigusa kifua.

Mtu akasema tumhamishe. "Mumpeleke wapi na mshono mbichi, kwa huu utelezi? Nyumba zote za mstari huu ziko chini." Akoth, huyo mke wa mwanawe, akajieleza kutoka ndani kwa sauti ndogo. Alikuwa ametusikia tangu asubuhi, akadhani tumepatana na mama mkwe wake. Mwanangu, alinyamaza kwa kuniamini, na mimi siku ya kuuliza nilikuwa nimekaa saluni.

Nikapiga simu ya dereva wa lori, haikushikwa. Nikakimbia. Raila hadi Ayany, na gambuti, matope yakinirukia hadi kwenye nywele, huku nikiomba kwa sauti kama mwendawazimu. Nilijua kazi ikiisha dereva hangoji mtu. Nikatokea barabarani na nikaliona lori bado limesimama, na dereva yuko kibandani anamalizia chapati na maharagwe. Yule mtu angekuwa mla haraka, sijui leo ningekuwa nakwambia nini.

"Niaje Nekesa, nani anakufukuza?"

"Usiende! Shusha! Shusha kila kitu!"

Tuliporudi na mkokoteni wa kwanza, Dani alikuwa ndani ya mtaro, miguu mitupu, gauni jeupe amelifunga kiunoni, anapanga mawe aliyoyaokota. Mwenzake wa kanisani alikuwa amesimama juu anamkumbusha leo ni Sabato. "Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato hutolewa," Dani akamjibu bila kuinua kichwa, "sembuse mjukuu wangu. Leta gunia." Yule mama naye akavua viatu.

Tukapanga mstari, fulana za kijani na magauni ya kanisani, gunia linatoka mkono hadi mkono. Dani ndiye alikuwa bosi: matairi chini, magunia juu yake, mabati yaelekee maji. Matone ya kwanza yalitukuta magunia yamebaki matano. La mwisho nililiweka mimi, na sikuliachilia. Maji yakaja, mekundu, na vijiti na chupa, yakapanda, yakafika kwenye gunia la juu kabisa, yakasimama hapo. Nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyarudia. Kisha yakazunguka kona, yakaenda zake.

Dani akaingia ndani kuangalia. Tukangoja. Akatoa kichwa mlangoni: "Ni kukavu! Mtoto hata hajaamka!"

Haki ya Mungu, nilikaa kwenye matope nikalia na kucheka pamoja. Watu wakapiga vigelegele. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, na ni kweli, lakini siku ile mimi niliruhusiwa kuyazoa. Mungu si Athumani.

Mvua ilipokatika Dani alinivuta kando. Nilijua nitapata changu.

"Akoth amekusikia ukisema wewe ni wa Kawangware."

"Ndiyo, Dani."

"Nikija kwenu nikute beseni katikati ya nyumba, nilitupe nje kwa sababu kwangu mabati hayavuji hapo? Umaskini wa kwenu haukukupa ufunguo wa nyumba yangu, mtoto wangu. Ungebisha hodi tu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Jumatatu nikamwambia bosi ukweli wa Alhamisi ile, na uongozi nikavuliwa. Nilishukuru kuwa kazi haikwenda nao. Akanituma nirudi Raila, nikae, nisikilize. Nilichosikia ni kwamba wanataka mawe, saruji na fundi mmoja, na siku iwe Jumapili. Tukawajengea ukuta Jumapili.

Basi mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hata kama na wewe ulilala na kunguni utotoni. Ukifika kwa watu, uliza kabla hujashika koleo. Ukikuta milango imefungwa, usiwaite wavivu, tafuta walikokwenda. Mwenzako akisita, na wewe sita. Kitu kilichochakaa si takataka mpaka mwenyewe aseme ni takataka. Na ukikosea, maana utakosea, usijifiche nyuma ya nia njema. Kimbia ukarudishe ulichokitoa, huenda bado kuna muda.

Nenda, Mungu akutangulie. Akupe mikono yenye nguvu na masikio yenye nguvu zaidi. Na kila nyumba utakayoigusa, wenyewe walale pakavu.