Barua Iliyolala Kabatini

Wizarani walimwita Mama Nukta. Miaka ishirini na sita ya kupiga chapa ilikuwa imemwachia ugonjwa mmoja: hakuweza kuona sentensi ndefu akainyamazia. Wakubwa walimletea aya zenye mikia. Alizikata bila kuomba radhi.

Wiki ile alipewa sera mpya ya taifa ya saratani. Nyuma kabisa palikuwa na mfano wa barua ya rufaa, ile ambayo zahanati zilikuwa zikiwapa wagonjwa miaka yote. Sentensi moja, mistari tisa. Mama Nukta akaibeba nyumbani, akamsomea dada yake, mshona mapazia, aliyekuwa akipiga pasi.

Dada akacheka. "Hiyo mbona ninayo! Tena yangu ina muhuri."

"Unayo wapi?"

"Kabatini, pamoja na cheti cha ndoa. Wiki ya saba sasa. Walinipima kile kivimbe cha titi, wakanipa barua, wakagonga muhuri. Yakaisha."

"Yakaisha nini, wewe?"

"Mdogo wangu, karatasi ikishagongwa muhuri kuna nini tena? Cheti cha shule, hati ya nyumba, vyote vivyo hivyo. Na kivimbe chenyewe wala hakiumi."

Mama Nukta akasimama. "Dada, imekwambia uende hospitali kuu ndani ya siku kumi na nne!"

"Imesema wapi?"

"Mstari wa nane."

"Sasa huko nani alifika?"

Kesho yake alfajiri walikuwa hospitali kuu. Vipimo vilipotoka, daktari hakuzunguka: ni saratani, lakini bado ndogo, haijasambaa. Upasuaji Jumanne. Alipovuta muhuri wake, dada akamshika mkono. "Taratibu, daktari. Mimi nikiuona huo narudi nyumbani."

Mama Nukta alirudi ofisini na barua aliyoiandika upya mwenyewe. *Nenda hospitali kuu kabla ya tarehe hii. Usisubiri maumivu. Muhuri huu si mwisho wa safari.* Pamoja na nyingine tatu, jumla sentensi sita.

Mkurugenzi akavua miwani. "Mama, wewe unapiga chapa au unatunga sera?"

"Napiga chapa, bosi. Ila hilo taifa mnaloliandikia linalala chumba cha pili kwangu, na barua yenu lilikuwa limeifungia kabatini."

Mkurugenzi akasoma tena, polepole, kisha akachomoa ukurasa wa zamani.

Jumanne ilipita salama. Dada alipozinduka, midomo mikavu, aliuliza, "Ile barua mmeikata?"

"Imebaki sentensi sita."

"Ziwe tano," akasema, akalala tena.