Sajini na Utenzi wa Kaburi

Siku yangu ya kwanza kazini, katikati ya miaka ya sitini, Mwalimu Mkuu wa shule ya misheni pale Kasese alinikabidhi chaki, rejista na utenzi mmoja wa kale uliopoteza jalada. Akaniambia niwafundishe Kiswahili askari wa kambi ya jirani, alasiri, baada ya gwaride. Mimi ni Mkonzo, mwenyeji wa milima ya huko, mwana wa katekista, na utenzi ule ulitungwa na Mwislamu wa pwani. Nilimwuliza kama mwalimu wa kanisa anaruhusiwa. Akasema mizani haina dini.

Basi nikafundisha mizani, yaani hesabu ya silabi, nane kwa kila mstari, pamoja na vina, zile silabi za mwisho zinazolingana. Askari walihesabu kwa vidole. Lakini utenzi ulimweleza mtu aliyeachwa kaburini peke yake na matendo yake, nami niliusikia kama Zaburi. Niliupenda, na kuupenda huko kukanitia wasiwasi.

Darasani alikuwamo sajini mmoja kutoka kaskazini, mtu wa maneno machache. Siku moja, akisoma ubeti wa kaburi, machozi yalimtoka. Wenzake walipoondoka, alibaki kwenye benchi.

"Mwalimu, hii kitabu iko ya Waislamu," akasema. "Sasa mbona inasema mimi?"

Akanieleza kwamba mama yake alikufa akimngoja, naye likizo aliipata, akaimalizia kwenye pombe. Alitaka kubatizwa, asije akaingia kaburini na deni hilo. Nikampeleka kwa Mchungaji, aliyekuwa pia msimamizi wa shule zetu.

Njiani nilimsihi aseme kwamba ni Zaburi iliyomgusa, maana niliogopa kufukuzwa. Mchungaji alipomwuliza, sajini alinitazama kidogo, kisha akajibu kwamba ni shairi la mwalimu. Niliona aibu, wala si kwa sababu ya shairi.

Baada ya miezi ya mafundisho, Mchungaji alimbatiza. Mimi alinihamishia shule ya Bwera, mpakani, na utenzi akaubakiza ofisini kwake.

Huko Bwera, miaka ya sabini ilipoanza, nilizoeana na Hajji mmoja mwenye lori, aliyekuwa na nakala yake ya utenzi uleule. Alinifafanulia maneno ya Kiarabu ambayo nilikuwa nimeyafundisha kwa kubahatisha. Nilipomsimulia habari za sajini, alinigeuzia mgongo, akawa anakaza kamba za lori, hata nikadhani nimemuudhi.

"Alilia kweli?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Mimi naisoma tangu utoto, mwalimu. Haijaniliza hata siku moja." Akanipa nakala ile, nami sikujua kama ananizawadia au anaikimbia.

Sasa nimestaafu. Ninyi walimu vijana huniuliza Mkristo ayasome vipi mashairi ya namna hii. Mizani naijua, vina navijua. Hilo jingine bado linanitatiza. Kila asubuhi nasoma Zaburi, halafu beti chache za utenzi. Nikimaliza husema amina, na sijui kama nilikuwa nasoma au naomba.