Mikato miwili kwenye baiskeli ya Magdalena

Admin, nifichie jina. Majina ya humu ndani nimeshayabadilisha mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, naishi Katesh. Nimekuwa mwandishi wa habari kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeandika ajali za mabasi na kesi za mauaji, na si mtu wa kulia. Ninachowaandikia leo kimenishinda, na kimetokea nyumbani kwangu.

Mume wangu ni fundi wa baiskeli, anayeaminiwa kuliko wote hapa. Tuna klabu ndogo ya mbio za baiskeli, na wasichana wawili wenye kasi kuliko wote ni Agnes, mtoto wa dada yake mume wangu ambaye tunaishi naye, na Magdalena, binti wa mfugaji wa kijiji cha Gendabi. Timu ya mkoa inataka msichana mmoja kutoka kwetu. Kocha wetu alikuwa ameshamtaja Magdalena.

Siku chache baadaye baiskeli ya Agnes iligonga jiwe na kihamisha cheni kikavunjika. Ni kile kifaa kinachoning'inia nyuma, kinachovuta cheni kutoka sproketi moja, yaani gurudumu moja la meno, kwenda nyingine. Wiki hiyohiyo Magdalena alileta yake kusafishwa. Ilirudi inang'aa.

Kwenye mazoezi yaliyofuata, kilima cha kwanza tu, cheni iliruka. Magdalena aliangukia lami, akang'oka jino la mbele na goti likachanika. Kocha akasema mbele ya wenzake, "Nguvu anazo, gia zinamshinda." Kuanzia hapo akaanza kumtaja Agnes.

Mume wangu alikwenda Gendabi kumpa pole, amebeba kilo mbili za sukari. Nilikuwepo.

"Shikamoo baba," Magdalena alisema, mdomo umevimba.

"Marahaba mwanangu, pole. Gia hazitaki papara, zinataka akili. Uwe unabonyeza taratibu."

"Nilibonyeza kama siku zote, baba."

"Ndivyo mnavyosema wote."

Baba yake Magdalena alimshika mume wangu mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kumhudumia binti yake bure.

Jumatatu iliyofuata nilimsaidia Agnes kuosha baiskeli yake. Nilipofuta grisi kwenye kihamisha cheni alichofungiwa na mume wangu badala ya kile kilichovunjika, nikaona mikato miwili midogo ya tupa. Alama ile naijua. Baba yake Magdalena, yule mzee wa Gendabi, hukata ng'ombe na mbuzi wake mikato miwili kwenye sikio la kushoto, na siku mfadhili alipomletea binti yake baiskeli, mzee alichukua tupa akatia alama kila kifaa kinachofunguka. "Kitu kisicho na alama ni cha mpita njia," aliniambia. Nilicheka, nikapiga picha kwa ajili ya habari yangu. Picha bado ninayo kwenye simu. Nililinganisha. Ni kilekile. Agnes hakujua lolote, na mpaka leo hajui.

Nikaenda karakana.

"Magdalena umemfungia nini?"

"Kingine. Cha gia kumi, cha Kijapani, kama chake. Chuma ni chuma."

"Cha barabarani au cha mlimani?"

Akainamia spana yake, kwa sababu somo hilo alinifundisha yeye mwenyewe. Vihamisha cheni viwili vinaweza kuwa vya gia kumi, vya kiwanda kimoja, vikafanana kwa macho, na bado visibadilishane. Cha baiskeli ya mlimani kinataka waya uvutwe zaidi kila unapobonyeza gia. Kibonyezo cha gia cha baiskeli ya barabarani kinavuta kidogo, basi cheni haifiki. Inabaki kati ya sproketi mbili, na ukikanyaga kwa nguvu inaruka. Mume wangu alikirekebisha kifanye kazi kwenye sproketi za katikati tu, kwa sababu hizo ndizo kocha hujaribu akizungusha pedali kwa mkono. Fundi aliyekosea hawezi kupatia hivyo.

"Ulijua ataanguka," nikamwambia.

"Nilijua atachelewa. Kuanguka sikupanga." Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mama Neema, Agnes ni damu yetu. Yule mwakani ataolewa, baiskeli itabeba madumu ya maji. Wewe unataka nini hasa?"

Nimewahi kuwauliza wakubwa maswali magumu kuliko hilo. Siku ile nilitoka nje. Jioni nikampakulia ugali, akala, akaomba kuongezewa mboga, nikamwongezea. Hicho nacho kinanichukiza.

Kocha anapeleka jina Ijumaa. Nikimwonyesha picha, Magdalena anarudi kwenye nafasi yake, lakini baba yake atajua siku hiyohiyo. Huku kwetu, mali yenye alama ya mtu ikikutwa kwako, wazee wanaitwa, na nyumba nzima inaweza kutengwa. Hatusalimiwi, hatuzikwi na mtu. Nina watoto watatu katika nyumba hiyo, na Agnes.

Nilikuwa nimejipa mpaka Alhamisi kufikiri. Jana yule mzee alitembea kutoka Gendabi na beberu, zawadi kwa mume wangu, kwa wema wake kwa Magdalena. Mume wangu amempokea beberu, amemfunga nyuma ya karakana, na amesema tutamchinja Jumapili jina la Agnes likishatoka. Asubuhi nimempelekea maji. Sikio lake la kushoto lina mikato miwili.

Wasomaji, msinihubirie kuhusu ndoa, miaka yake ninaijua. Niambieni jambo moja: nianze kwa kocha, au nimrudishe beberu kwa mwenyewe na kumweleza nikiwa nimeshika kamba?