Banda Lililongoja Mjadala Uishe

Nisikilize taratibu, maana nami nitaeleza taratibu. Nimefundisha uraia hapa Tukuyu kwa muda mrefu, na kama kuna jambo ninaloliamini, ni kwamba mtu akielezwa vizuri huelewa. Uchaguzi huu ulinitoa jasho kwa imani hiyo.

Matokeo yalipotangazwa, vijana waliingia barabarani wakisema kura zimeibwa. Mawe yakarushwa, matairi yakachomwa, na kabla jua halijazama banda la dada yangu karibu na soko, alikokuwa akipika ndizi na maharage, lilikuwa limeteketea. Alitoka salama na sufuria moja. Tangu shemeji afariki, banda hilo ndilo lililokuwa likimlisha yeye na wanawe.

Kwetu, mtu akiunguliwa, majirani hawangoji kuitwa. Huyu huleta nguzo, yule mianzi, mwingine mkungu wa ndizi wa kuwalisha wanaojenga. Majivu huwa bado ya moto watu wakifika. Safari hii majivu yalipoa, yakanyeshewa, yakawa tope, na hakuna aliyefika.

Nikaenda kwa fundi seremala wa mtaa wa Bulyaga, mteja wa dada wa siku zote.

"Mbao ninazo, Mwalimu," alisema. "Lakini nikizipeleka, watasema sisi tuliokataa matokeo ndio tuliochoma, na sasa tunalipa. Waliochoma ni wahuni waliotumwa kutuchafua."

"Uliwaona wakitumwa?"

"Iko kwenye simu."

"Simu yako?"

"Ya shemeji yangu."

"Naye aliona?"

"Naye alitumiwa. Mwalimu, hapa ni karakana, si darasani!"

Nikavuka barabara hadi kwa mzee mwenye duka la mbolea linalotazamana na lilipokuwa banda, mtetezi mkubwa wa matokeo.

"Miti ninayo shambani," alisema. "Ila nikijenga mimi, nitakuwa nimewafutia kosa hao vijana. Walichoma wao, wajenge wao. Uchaguzi ulikuwa safi kabisa."

"Ulikuwepo kura zikihesabiwa, mzee?"

"Nilikuwa nyumbani nakula."

"Sasa unajuaje?"

"Kwani wewe uko upande gani?"

Swali hilo nililikuta kila nilikokwenda. Sikukata tamaa. Nikawaeleza wote wawili, mmoja mmoja, kwamba hapa tumechanganya maswali matatu. Kura zilihesabiwaje? Hilo linataka ushahidi wa waliokuwepo chumbani, na mahali pa kulalamika ambapo watu wanapaamini. Nani alichoma? Hilo linataka uchunguzi, na mimi nauhitaji kuliko wao, maana aliyeunguliwa ni dada yangu. Nani atajenga? Hilo halina haja ya kungoja hayo mengine. Fundi akasema nimetumwa na mzee. Mzee akasema nimetumwa na fundi. Kijiweni mtu akaniita kinyonga, watu wakacheka, nami nikatabasamu huku nikiwaka ndani.

Nilimkuta dada kando ya barabara, akipika chini ya kipande cha turubai, mvua ikimzimia moto. Nikamweleza nilivyowaeleza.

"Ndaga fijo," alinishukuru kwa Kinyakyusa, bila kuinua macho. "Umeeleza vizuri sana, mdogo wangu. Sasa nibandike sufuria juu ya maelezo?"

Asubuhi nilikata mianzi nyuma ya nyumba yangu, nikaibeba begani hadi sokoni. Nilipopita mbele ya karakana, fundi akapiga kelele, "Jamani, Mwalimu amekiri! Mchomaji huyu hapa!"

Mimi, ambaye sikuwahi kufokea hata watoro, nikafoka.

"Ndiyo, nimekiri! Na mianzi inaniumiza bega! Njoo ushike upande huo!"

Akaja huku akicheka, na mbao zake akazileta baadaye. Tulichimba mashimo tukibishana, yeye na kura zake, mimi na ushahidi wangu. Mzee alisimama mlangoni mwa duka lake akitutazama mpaka tukamaliza. Hakuvuka barabara. Mabati tuliyoyapata yalitosha kuezeka upande mmoja tu, na huko ndiko dada alikobandika ndizi mchana huohuo.

Hadi leo hatujaambiwa nani alichoma, na upande wa pili wa banda bado unavuja. Wateja wakikaa, kura zinahesabiwa upya juu ya sahani, kila mmoja na jumla yake, na hakuna anayemuuliza mwenzake ameijulia wapi. Inachosha. Bado naeleza, na wewe pia usichoke kuuliza, kwa sababu maswali yale mawili ya mwanzo ni ya haki na yanadai majibu. Ila ikitokea kwenu, nenda kwanza kwa aliyeunguliwa, muulize anahitaji nini leo, mpelekee, ndipo urudi kubishana.