Mfereji wa Chumba cha Maziwa

Tangu amzike mkewe Yuditha pale migombani, Mzee Eliufoo wa Machame hatulii. Akikaa, anasimama. Akisimama, anakwenda kuchungulia ndoo zake.

Ndoo ziko nyuma ya chumba cha maziwa cha kikundi cha akina mama. Asidi ya kuoshea tangi imekula mfereji wa sakafuni mpaka zimebaki kokoto, na maziwa yanayomwagika yanaoza humo. Bwana afya amekifunga chumba. Maziwa ya jioni, kwa kuwa hayana pa kuhifadhiwa, sasa ni ya ndama. Fundi wa mfereji mpya ni Eliufoo, na akina mama wanangoja aseme utajengwa kwa kitu gani.

Shule hakwenda. Akitaka kujua kitu, anakijaribu. Alitia asidi ile kwenye ndoo, akatumbukiza vipande. Bati lilitoa povu, likaisha. Saruji ikawa uji. Bomba la plastiki lilistahimili, ila alipolimwagia maji ya moto kama yale ya kuoshea, likapinda. Marumaru ya sakafu, ile ya udongo wa kuchoma, ikakaa. Maungio yake ya saruji ndiyo yaliyolika, basi akayajaza gundi ya mafundi, ile ya makopo mawili. Nayo ikakaa.

Wiki ikapita. Bado anachungulia.

"Shikamoo, baba," alisema Winfrida, mwenyekiti wa kikundi.

"Marahaba."

"Marumaru inasemaje leo?"

"Tuiache kidogo. Tuone."

"Tuone nini tena? Ndama wangu ameshanenepa kumshinda mume wangu!"

Akina mama wenzake wakaangua kicheko. Eliufoo hakucheka. Winfrida akasogea, akashusha sauti.

"Baba, unaogopa kumaliza? Kwamba asubuhi utakuwa huna pa kwenda?"

Mzee akaitazama ndoo.

"Nyumbani kumekuwa kimya," alisema.

"Najua, baba. Lakini maziwa yanapotea."

Mzee aliiacha ndoo. Aliingia ndani, akaanza kuvunja mfereji wa zamani. Kesho yake akapanga marumaru, mteremko ukielekea nje. Ikabaki gundi. Gundi ile ikishachanganywa haimngoji mtu. Ukizubaa, inakaukia kopo. Akasimama, kopo huku na kopo huku. Mlangoni akina mama wanamtazama.

Akamimina moja ndani ya jingine, akakoroga, akapiga magoti upande wa tangi, akaanza kujaza maungio.

"Msinisemeshe," alisema.