Tumbili Aliyetoka Njiro

Mlezi wa wanyama wa kituo cha kutunzia wanyama waliookolewa cha Usa River huongea na tumbili kama anabembeleza mtoto, huku vidole vyake vinene vikimenya ndizi taratibu. Yule aliyeletwa kutoka Njiro, alikofungwa mnyororo peke yake kwenye jumba la mfanyabiashara wa mitumba, aliharisha mfululizo, dawa zisimfae.

“Mzee, akikaa na wenzake watamwambukiza vijidudu vizuri vya tumboni, aache kuharisha,” Daktari Agnela alimweleza.

“Na wakimng’ata, daktari?”

Mlezi alifungua komeo la banda la tumbili wengine, akamwingiza. Tumbili jike mmoja akasogea, akaanza kumchambua mgeni manyoya.

Wiki chache baadaye, mlezi alimkimbilia daktari akicheka, amebeba kinyesi kigumu cha yule wa Njiro juu ya jani.

“Daktari, ona! Amepata ndugu!”