Mjerumani Aliyefuata Mgongo Wangu

Yule Mjerumani wa mita elfu moja mia tano alipendwa Eldoret kuliko wakimbiaji wetu wengi, na sababu haikuwa medali. Alijinunulia mboga sokoni mwenyewe, akasalimia kila mtu, na aliposhindwa kwao Ulaya alirudi kutusimulia bila kuzungusha maneno. Akina mama wa sokoni walimwita msichana wetu. Magazeti ya kwao yalisifu kasi yake ya kumalizia mbio. Hayakusema kwamba aliipata nyuma ya mgongo wangu, kwenye uwanja wa vumbi kule Chepkoilel.

Kazi yangu ilikuwa kumtangulia na kushika mwendo. Sikuvaa saa. Kocha akitaka sekunde sitini na sita kwa mzunguko, nilimpa sitini na sita. Sijisifu, naeleza tu.

Kisha ukaja uchaguzi ule wa ghasia, na duka la baba likachomwa kwa sababu wazazi wangu walikuwa wahamiaji kutoka Mkoa wa Kati. Tulilala kwenye hema wiki nyingi, halafu tukapanga nyumba Kapseret. Kikundi chetu cha wakimbiaji kilirudi mazoezini bila mimi. Hakuna hata mmoja aliyekuja kunijulia hali, na hilo liliniuma kuliko duka. Nilikimbia peke yangu kwenye barabara ya uwanja wa ndege, kwa hasira, nikazidi kupata nguvu.

Mjerumani aliporudi mwaka uliofuata, walimwekea mbele mwanamume mwenye miguu mirefu, wakidhani mbio ni miguu. Huyo alitoka kama ndama aliyefunguliwa kamba, na mzunguko wa tatu akawa hoi. Siku ya tatu mgeni alikaa kwenye nyasi, akavua viatu, akasema hakimbii mpaka niitwe.

Ndipo kocha akaja kwetu, mchana, amevaa koti lake la kanisani. Mama alimpa kiti lakini hakumpa chai, na kwetu hata mgeni usiyempenda hupewa chai.

"Mama, nimekuja juu ya msichana," alisema. "Mzungu anataka arudi. Hakuna mwingine anajua hiyo spidi."

"Mzungu anataka," Mama alisema. "Na wewe, Mzee?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitamani kurudi, lakini kama angeendelea kuzungumzia spidi tu, ningebaki Kapseret.

Kocha alizungusha kofia mikononi. "Ile siku niliona moshi ya duka yenu. Nilijua ni kwenu. Nikafunga mlango, nikakaa ndani na watoto. Mpaka leo naogopa kukutana na nyinyi barabarani."

"Basi mwambie yeye," Mama alisema, akinionyesha kwa kidole. "Si mimi nilikuwa mkimbiaji wako."

Kocha, mtu wa umri wa baba yangu, akasimama, akanigeukia, akaanza upya tangu kwenye moshi. Sikumsaidia. Nilimwacha amalize, kisha nikamuuliza kesho tunaanza saa ngapi.